Udongo Wangu kwa Mdogo Wangu

Hasidi hana sababu, husema watu wa pwani. Basi mimi nilikuwa hasidi mwenye sababu. Sababu yangu ilikuwa udongo mwekundu, laini kama unga uliochungwa mara mbili, nao ulikuwa umelala kwenye shamba la mdogo wangu, nyuma ya tuta lake la kwanza, umetandaa kama mkeka wa harusi. Udongo ule ulikuwa wangu. Shamba la mdogo wangu liko chini, na ardhi yake ni ya kijivu, ya mawemawe, tangu tulipokuwa watoto. Udongo mwekundu uko juu, kwangu. Sasa niambie wewe, ulifikaje kule?

Baba yetu alikuwa na shamba Jilore, bara ya Malindi. Ni mteremko mmoja, unaanzia barabara ya vumbi na kuishia kwenye kijito kinachopitisha maji wakati wa mvua tu, yakaenda zake mto Sabaki. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na sisi wawili, na alipoona siku zake zinakaribia alituita akasema ataligawa shamba mapande mawili, na mkubwa atachagua kwanza. Wakati huo nilikuwa nimeolewa Malindi mjini, mtaa wa Shela, nina bangili mkononi na mtu wa kunifulia. Nikachagua juu, kando ya barabara. Nani achague mawe ya bondeni? Mdogo wangu, ambaye hakuwahi kutoka Jilore na ndiye aliyemuuguza baba, akasema ahsante baba. Wallahi siku ile nilimhurumia.

Haikupita miaka mingi nikapewa talaka yangu. Nilirudi na masanduku mawili na seti ya vikombe vya kahawa, wanangu wameshakuwa watu wazima, wana mambo yao Mombasa. Nikajenga nyumba ya udongo ya vyumba viwili, na mama akahamia kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na hilo kwetu halikuwa na mjadala. Chumba chake nilikiweka nyuma, mlango unatazama bondeni, apate upepo. Aliyetuona wakati ule alidhani ni mapenzi tu. Mapenzi yalikuwepo, lakini pia nilikuwa nimemshikilia. Mume alikwenda, nyumba ya mjini ilikwenda, na ile hali ya watu kusimama nikiingia ilikwenda nayo. Kilichobaki cha kuonyesha kuwa mimi ni mtu kilikuwa mama yangu, macho yake yameingia mtoto wa jicho, amekaa mlangoni kwangu asubuhi akiitikia salamu za wapita njia.

Sasa nikiri. Miti ya baba niliila mimi. Nilianza na migunga, nikaingia kwenye mikwaju, mwisho nikakata hata vichaka vya mpakani, vyote nikachoma makaa. Magunia yalisimama barabarani, malori yakayabeba. Kisha nikafuga mbuzi, nao wakamaliza majani yaliyobaki mpaka mizizi. Masika yaliyofuata, maji yalichora mstari kwenye mteremko, mwembamba kama njia ya baiskeli. Mwaka wa pili mbuzi alitumbukia humo. Mwaka wa tatu mtu mzima alisimama ndani ya lile korongo na usione ila kofia yake. Nikawa nahesabu hatua kutoka ukuta wa chumba cha mama hadi ukingo wa korongo. Zilikuwa arobaini, kisha zikawa ishirini na mbili.

Mdogo wangu alipanda kuja kwangu. "Shikamoo dada," akasema, na alikuwa amevua viatu mlangoni kama kawaida yake.

"Marahaba."

"Korongo hilo linanitia hofu. Mama aje kwangu chini, mpaka tulitibu. Likitulia atarudi."

"Mama haendi popote," nilimwambia. "Na korongo si kidonda, useme tulitibu."

Hakubishana. Huyo ndiye mdogo wangu, habishani, na hilo hukera kuliko matusi. Alikwenda kumwamkia mama, wakacheka sana huko ndani, nami nilikaa jikoni nikijiuliza wanacheka nini.

Wakati huo alikuwa ameshaunda kikundi cha wanawake cha kulima kwa ujima. Wiki hii wanalima kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na siku yao ilikuwa Jumanne. Kila mtu huja na jembe lake, na mwenye shamba huwapikia. Bwana shamba aliwafundisha kupima mteremko kwa fito tatu zilizofungwa mfano wa herufi A, katikati inaning'inia kamba yenye jiwe. Kamba ikitulia pale ilipotiwa alama, ina maana miguu miwili ya fito iko sawa, haikupanda wala kushuka, basi unachomeka kijiti unasonga mbele. Ukimaliza una mstari wa vijiti unaozunguka kilima kama mshipi. Hapo ndipo wanapochimba fanya juu. Unachimba mfereji, na udongo wake unaurusha upande wa juu, si wa chini, ukawa tuta. Maji yakishuka hugonga tuta, hukaa, hunywewa na ardhi. Juu ya tuta hupandwa majani ya nepia ili mizizi ilishike.

Walikuja kunialika nijiunge. Niliwasikiliza kwa adabu. Kiongozi wao ni nani? Mdogo wangu. Mtu niliyembeba mgongoni, nikamfuta makamasi kwa upindo wa leso yangu, ndiye aniambie chimba hapa, simama pale? Nikawaambia mgongo wangu mbovu. Walipotoka nilimwambia mama, "Watapima bonde hata lini, kama fundi cherehani aliyekosa kitambaa?" Mama alicheka, lakini si sana.

Walinunua leso za sare zilizoandikwa *Mkono mmoja haulei mwana*. Mdogo wangu aliniletea jozi, eti nami ni wao hata nisipochimba. Leso nzuri, rangi ya chungwa iliyoiva, inaonekana toka mbali. Niliitia sandukuni chini kabisa.

Mvua mbili tu zikapita, na bonde likageuka. Mahindi yake yalisimama wakati ya majirani yamejikunja. Alivuna pojo, alivuna kunde, nepia akawa anagawa. Kisima chake kidogo kando ya kijito, ambacho zamani kilikuwa kikikauka kila kiangazi, kikawa na maji mwaka mzima. Mimi mkubwa, mwenye barabara, nikawa namtuma mtu kwa mdogo wangu kuomba maji. Roho ilikuwa ikiniwaka. Nikipika naona mboga zake, nikilala naona mahindi yake, na kila asubuhi mama huchukua mkongojo akateremka kuchuma mnavu. Akirudi ameshakula.

"Umekula nini?" nauliza.

"Mahamri kidogo."

"Kwangu hakuna mahamri?"

"Hukupika leo, mwanangu."

Kweli sikupika. Lakini alikuwa na haja gani ya kulisema?

Kisha wakaanza kuja wageni. Magari yalisimama kwangu kwa kuwa barabara iko kwangu, wakashuka watu wenye buti na daftari, wakaniamkia vizuri, na mimi nikajifunga leso upya nikidhani nimetembelewa. "Mama, samahani, kwa Mama Matuta tunapita wapi?" Hilo ndilo jina walilompa. Nikawaonyesha kwa mkono. Siku moja bwana shamba aliwasimamisha kwenye ukingo wa korongo langu akawaambia, "Kabla hatujaona kazi, tazameni kwanza hali ya shamba ambalo halikutunzwa." Wakatoa simu wakapiga picha. Nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo yangu. Mmoja wao aliniomba nisogee kidogo ili nisizuie.

Baada ya wao kuondoka ndipo nilipoteremka mwenyewe mpaka mpakani, nikaona ule mkeka mwekundu nyuma ya tuta lake la kwanza. Tuta hilo liko hatua chache tu chini ya mpaka wetu, na korongo langu liliishia hapo, limezibwa mdomo. Nilichutama nikachota udongo kwa kiganja. Ulikuwa mzuri, jamani. Mweusi kidogo kwa mbolea ya mbuzi wangu, na ndani yake nikaokota kigae cha kikombe cha kahawa chenye ua la bluu, kimoja cha vile vikombe vyangu vya Shela, nilichokitupa nyuma ya jiko kilipovunjika. Basi hapo moyo ukafura. Kumbe mahindi yale yalikuwa yananyonya shamba langu! Kumbe yule anasifiwa kwa mali yangu, na mimi napigwa picha ya aibu kwa sababu mali imehamia kwake!

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini udongo unazoleka. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Nilichagua Jumanne, kwa kuwa kila Jumanne mdogo wangu na kikundi chake walikuwa kwenye mashamba ya ng'ambo ya kijito, na hawarudi mpaka alasiri. Nikatoa ile leso ya sare chini ya sanduku nikajitanda, ili mpita njia aliye barabarani aseme, ah, yule ni mmoja wa wanakikundi. Nikachukua karai na sepetu. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake, anatazama bondeni kwa macho yake yale yanayoona rangi tu na vivuli. Nilimwambia, "Nateremka kidogo." Akasema, "Nenda mwanangu, Mungu akupe nguvu." Sikuuliza nguvu za nini.

Sikuona kuwa naiba. Mwizi huchukua cha mtu. Mimi nilijaza karai, nikaliweka kichwani, nikapanda, nikamwaga kwenye shamba langu, nikarudi. Jumanne ile nilipanda na kushuka mpaka shingo ikakauka. Mgongo mbovu ulipona, niulize mimi. Jumanne ya pili nikaenda tena, na ya tatu. Na kwa kuwa udongo mzuri zaidi ulikuwa umeegemea tuta lenyewe, na mizizi ya nepia imeulainisha, nilianza kulila tuta kwa pembeni, pale ambapo nepia ndefu ilipaficha kutoka nyumba ya mdogo wangu, nikawa nang'oa na nepia pia nikaipanda kwangu. Ikafa yote. Nikirudi nyumbani kabla ya alasiri nina vumbi la magoti, mama ananipikia chai kwa kupapasa, anafurahi, ananiita kwa jina langu la utotoni. Nilidhani amezeeka tu. Mbaya zaidi, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo mama ni wangu peke yangu.

Shamba langu likawa jekundu tena. Nililisawazisha kwa mkono, nikapanda mahindi kwa mistari iliyonyooka, kutoka juu kuteremka chini, ili anayepita barabarani aione mistari yote mpaka bondeni. Mwenyewe nilisimama barabarani nikaitazama nikaona imependeza. Tuta sikuchimba hata moja.

Mvua ilikuja adhuhuri, ya kusukumwa na upepo kutoka baharini, nasi tulikuwa hatujamaliza kula. Ilinyesha kama mtu anayemwaga madebe. Nilisimama mlangoni nikaona mistari yangu iliyonyooka ikigeuka mifereji, kila mmoja umebeba maji mekundu, yote yanakimbilia chini. Chote nilichokibeba kwa kichwa changu kilikwenda kwa muda wa kumaliza sahani ya wali. Maji yakaingia korongoni, yakafika kwenye tuta la mdogo wangu, yakatafuta, yakapata mahali palipokuwa pamelegea. Nilisikia kishindo. Tuta la kwanza lilipasuka pale pale nilipokuwa nikichota, maji yakaruka juu ya la pili, nalo likakatika. Pojo zote za chini zikalala.

Hapo, nisifiche, kulikuwa na sehemu ya roho yangu iliyosema, haya sasa, tuwe sawa.

Lakini mimi sikujua makorongo. Nilidhani korongo huanzia juu likateremka. Korongo halishuki, hupanda. Lile tuta ndilo lililokuwa limelizuia kwa chini, na lilipopasuka, maji yalianguka kwa nguvu pale penye pengo, yakachimba sakafu, na ukingo ukaanza kumong'onyoka kuelekea juu, pande kwa pande, kuja kwangu. Nilihesabu kwa macho. Hatua kumi na tano. Kumi. Choo kikaenda. Mvua ilipokatika alasiri, kati ya ukuta wa chumba cha mama na ukingo kulikuwa na hatua mbili, na ukutani umeingia ufa ambao ungeweza kupitisha mkono.

Nilimtoa mama nikamkalisha chumbani kwangu upande wa barabara. Sikulia. Nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu, na kila niliyempata alikuwa mimi.

Asubuhi kilikuja kikundi kizima na majembe yao, ijapokuwa haikuwa Jumanne. Walipita kwanza kwenye tuta. Niliwaona toka juu, wameinama pale penye pengo. Upande mmoja wa tuta ulikuwa haukuchukuliwa na maji, na hapo zilikuwepo alama za sepetu, zimekatwa wima kama kipande cha mkate, pamoja na njia yangu ya miguu, imeng'ara kwa kupitwa, inapanda moja kwa moja mpaka uani kwangu. Hakuna aliyehitaji kuwa mpelelezi. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali, alisema kwa sauti ili nisikie, "Fuko wa mwaka huu wana sepetu." Wengine wakacheka kidogo. Mdogo wangu hakucheka. Alitazama zile alama muda mrefu, akatazama juu kwangu, kisha akachukua jembe lake akapanda.

"Shikamoo dada."

Nilijishughulisha na fundo la leso yangu.

"Leo mama atashuka," akasema. Mara hii hakuwa ananiomba.

Nilikusanya vitu vya mama mwenyewe, nguo zake, ndoo yake, msala wake. Kitu nilichokichunga miaka yote ile, kwa ajili yake nikakataa msaada, nikakataa kikundi, nikawa mwizi, sasa nilikuwa nakifunga kwenye vifurushi kwa mikono yangu mwenyewe. Wale wanawake walikuwa wamesimama uani. Mdogo wangu alikunja godoro akalifunga kamba. Mama alitoka ameshika ukuta, akasimama katikati yetu, akageuza uso upande niliokuwepo.

"Ninakwenda kwa moyo mweupe," alisema. "Ningeshuka zamani, maana lile korongo nilikuwa nalisikia likimeguka usiku. Lakini niliogopa kuwaacha hamsemezani. Nikasema nikiondoka hapa, huyu na mwenzake hawatatazamana tena. Mpaka nilipoanza kukuona Jumanne, mwanangu. Macho yangu mabovu, ila rangi ile ya leso ya kikundi naijua. Nakuona uko kwenye tuta la mdogo wako, unainama, unainuka na karai. Nilimshukuru Mungu. Kila aliyenijia hapa nimemwambia, mkubwa wangu sasa anamsaidia mdogo wake. Mwenzako tu sikumtajia, niliogopa kuliharibu kwa kulisema."

Yule mwenye ulimi mkali aliangalia mpini wa jembe lake. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo, nikimtazama mdogo wangu, nikingoja. Alikuwa na haki yake. Pojo zake zilikuwa zimelala matopeni, kazi ya kikundi kizima ya miaka imekatika, na mashahidi wote walikuwa pale na wameona. Nilimwambia moyoni, sema basi, sema tumalize.

Alilinyanyua godoro, akalitia kichwani, akaliweka sawa.

"Ni kweli mama," alisema. "Dada amenisaidia sana. Hakukosa Jumanne hata moja."

Akamshika mama mkono wakaanza kuteremka, polepole, kwa ile ile njia niliyoichonga kwa miguu yangu. Nilidhani nimeshamwonea wivu kwa kila alichonacho, mahindi, kisima, wageni, mama. Nikawafuata na ndoo, na njia nzima roho iliniuma kwa wivu mpya, maana neno lile, hata ningekuwa mimi ndiye niliyeibiwa, nisingeliweza kulitoa.